Kujikwaa si Kuanguka. Na Aliyeanguka Je?

Ndugu msomaji, wahenga walinena kwamba kujikwaa si kuanguka bali ni kwenda mbele. Naam, methali nzuri hiyo, nasi tumeitumia katika insha hata imechakaa. Lakini mimi naona ina upungufu wake. Inamfariji yule aliyejikwaa tu, akayumba, akashika ukuta, akaendelea na safari. Na yule aliyeanguka kabisa, kifudifudi, mbele ya watu, huyo aambiwe nini? Swali hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Humu shuleni mwetu, na nadhani katika shule nyingi za bweni humu nchini, wapo wenzetu wanaomwacha Mungu wakiwa na miaka kumi na sita tu. Si kwamba wameacha kumwamini, la! Walianguka mara moja, na hawakujua la kufanya baadaye.

Hebu tuyatazame mambo jinsi yalivyo. Muhula wa kwanza huja wikendi chalenji. Wageni wanateremka kwenye basi na magitaa na vipaza sauti, ukumbi unajaa pomoni, nyimbo zinaimbwa mpaka madirisha yanatetemeka. Jumapili mhubiri akiwaita wanaotaka kumpa Mungu maisha yao, viti vinabaki vitupu. Wengine wanalia machozi ya kweli, tusiwacheke. Sidhani kwamba wanaigiza. Mtoto aliyetoka nyumbani juzi, ambaye bado anajifunika blanketi gubigubi usiku ili wenzake wasimsikie akilia, akiambiwa yuko anayempenda bila masharti, mbona asiende mbele?

Muhula unaisha, likizo inaingia. Nyumbani hakuna kengele ya ibada. Hakuna mwenzako wa kitanda cha juu wa kukuamsha saa kumi na moja mkaombe kabla ya wengine kuamka. Badala yake kuna disko matanga ng'ambo ya mto, kuna binamu mwenye simu iliyojaa mambo ya aibu, kuna kichupa kinachozungushwa na vijana penye giza. Yule ndugu yetu anashinda wiki ya kwanza. Wiki ya pili anashindwa. Akirudi shuleni na sanduku lake, anarudi pia na siri.

Hapo ndipo njia hugawanyika, na zote mbili ni mbaya. Wapo wanaoficha. Hao huendelea kuongoza nyimbo, huinua mikono juu kuliko hapo awali, na kadiri wanavyoiinua ndivyo moyo unavyozidi kukauka, mwishowe wakawa kama kibuyu kilichonakshiwa nje na ndani hamna hata tone. Wapo wengine, nao mimi nawaheshimu zaidi, wasioweza kuigiza. Hawa huanza kuketi nyuma, halafu karibu na mlango, halafu Jumapili moja huwaoni. Ukiwauliza wanakujibu kwa mkato, "Wacha tu, mimi nilishaharibu."

Nasi tuliobaki ndani tunasaidiaje? Tunasema, "Fulani amerudi nyuma," kama vile mtu asemavyo fulani amehama. Ikiwa alikuwa na cheo katika Chama cha Kikristo, kamati inakutana na kumvua. Kisha mtu anasimama kwenye maombi na kusema kwa sauti, "Ee Bwana, mkumbuke ndugu yetu wa bweni la juu kwa yale aliyoyafanya likizo," na kabla ya chakula cha jioni shule nzima inajua. Udaku huo, jamani, hata ukifunikwa kwa amina!

Mimi nasema kosa letu liko katika maana tunayolipa neno uaminifu. Tunadhani mwaminifu kwa Mungu ni yule ambaye hajaanguka tangu siku ile ya ukumbini. Kwa maana hiyo sijui Mungu angempata nani. Uaminifu wa miaka sitini haufanani na mtihani, ambao ukikosa swali la kwanza basi alama hizo hazirudi tena. Unafanana zaidi na shamba. Magugu yakiota baada ya mvua, mkulima hasemi, "Basi, hili si shamba tena." Anachukua jembe. Mwezi ujao yataota mengine, naye atachukua jembe lile lile, na hivyo ndivyo watu wanavyopata kula.

Mtazame Petro. Usiku ule Yesu alipokamatwa, Petro alikuwa ameapa mbele ya wenzake kwamba hata wote wakimkimbia yeye hatamkimbia. Saa chache baadaye anaota moto wa makaa uani mwa kuhani mkuu, kijakazi anamwuliza, naye anamruka bwana wake futi mia! Mara tatu, mpaka jogoo akawika. Usiku uo huo Yuda naye alianguka, na watu wengi husahau kwamba Yuda alijuta. Mathayo anatusimulia kuwa alivirudisha vile vipande thelathini vya fedha na kukiri kwamba ametenda dhambi. Lakini angalia alimrudishia nani. Aliwarudishia makuhani wale wale waliomlipa, nao wakamjibu kwamba hayo hayawahusu, ni shauri lake. Akatoka, akaenda kujinyonga.

Petro alilia kwa uchungu, lakini baada ya siku kadhaa tunamkuta katika Injili ya Yohana akiwa na wenzake sita kando ya ziwa. Anawaambia anakwenda kuvua samaki, nao wanamjibu kwamba watakwenda pamoja naye. Mimi hupapenda sana hapo. Hakuna anayemtaka kwanza ajieleze, hakuna anayesema mashua imejaa. Wanakesha bila kupata kitu, na kulipokucha wanamkuta Yesu ufuoni amewasha moto wa makaa na samaki wako juu yake. Moto wa makaa tena! Akamwuliza Petro mara tatu kama anampenda, mara tatu kwa zile tatu za kumkana, kisha akamkabidhi kazi. Nani asiyeona kwamba wale sita wana sehemu yao katika kupona kwa Petro? Laiti wangalimtenga, sijui angalikuwa ufuoni asubuhi ile.

Tena msidhani kwamba udhaifu ni wa ujana peke yake na kwamba tukikua utatutoka kama chunusi. Sulemani alianza vizuri. Alipoulizwa anataka nini aliomba hekima badala ya mali. Ni uzeeni, mwenye hekalu alilolijenga mwenyewe, ndipo moyo wake ulipogeukia miungu mingine. Na Marko je? Huyu aliwaacha Paulo na Barnaba katikati ya safari, akarudi Yerusalemu. Paulo alimkasirikia hata akakataa kusafiri naye tena. Ni Barnaba aliyemchukua. Miaka ikapita, na katika barua yake ya pili kwa Timotheo Paulo anaagiza aletewe Marko, maana anamfaa kwa kazi. Katika barua iyo hiyo, hapo hapo kabla ya kumtaja Marko, anasikitika kwamba Dema, aliyekuwa mwenzake wa kazi, amemwacha. Yule aliyekimbia mwanzoni yuko, na yule aliyekuwepo ameondoka. Kanisa la Wakopti kule Misri humhesabu Marko huyo huyo kuwa mwanzilishi wake.

Pengine utasema hizo ni habari za watu wa Biblia, wao ni wengine na sisi ni wengine. Basi tuondoke kwenye Biblia, twende Karthago, mji wa Afrika ya Kaskazini uliokuwa karibu na mahali ulipo Tunis leo. Karibu mwaka wa 250 Kaisari Decius wa Roma aliamuru kila mtu katika dola yake aende mbele ya kamati ya mji, atoe sadaka kwa miungu, aonje nyama yake, kisha apewe cheti. Ndiyo, cheti! Baadhi ya vyeti hivyo, vilivyoandikwa kwenye mafunjo, vimefukuliwa kule Misri na vipo hadi leo. Mayahudi tu ndio waliosamehewa amri hiyo. Mkristo asiye na cheti alikuwa katika hatari ya kufungwa, kunyang'anywa mali, kuteswa, hata kuuawa.

Askofu wa Karthago wakati huo aliitwa Cyprian. Ameandika kwa masikitiko makubwa jinsi waumini wake walivyokimbilia uwanjani hata kabla ya kukamatwa. Kulipokuchwa wakuu wakawaambia warudi kesho, nao wakasihi wamalize siku ile ile. Wapo waliokwenda na watoto wao. Wajanja walitoa hongo wakapata cheti bila kutoa sadaka (kununua vyeti hakukuanza leo!). Cyprian mwenyewe alijificha nje ya mji akawa anawaandikia watu wake barua, na hakukosa wa kumsema kwa hilo.

Dhoruba ilipotulia, watu wakajaa mlangoni mwa kanisa wakilia wanataka kurudi. Wafanyiwe nini? Kule Roma kasisi mmoja, Novatian, alishikilia kwamba aliyemkana Kristo hana tena nafasi kanisani, akajitenga na kundi lake. Na pale Karthago kulikuwa na waumini waliovumilia gereza na mateso, watu wa kuheshimiwa kweli kweli. Lakini baadhi yao wakaanza kuwagawia walioanguka barua za msamaha kama mtu agawaye njugu. Barua nyingine hata majina hazikutaja yote. Ilitosha kuandika fulani na watu wake. Ndugu msomaji, ukitazama vizuri utaziona pande hizi mbili katika mabweni yetu. Wapo wa Novatian, wafunga milango. Na wapo wa barua, ambao hukwambia, "Ah, Mungu si anasamehe? Twende tu, tutatubu Jumapili."

Cyprian alizikataa zote mbili. Mwaka wa 251 maaskofu wa Afrika walikutana wakaamua kila mtu atazamwe kwa jambo lake. Aliyenunua cheti tu angepokewa baada ya kutubu. Aliyetoa sadaka hasa, toba yake ingekuwa ndefu, lakini hakuambiwa kwamba mlango umefungwa. Aliahidiwa kwamba hatakufa nje. Baada ya kama miaka miwili hivi kukawa na dalili za mateso mapya. Hapo ndipo maaskofu walipofanya jambo linalonishangaza mpaka leo: wale wote waliokuwa wakiendelea kutubu wakapokewa mara moja. Hoja yao ilikuwa kwamba huwezi kumtaka mtu asimame imara vitani huku umemnyima chakula na silaha. Sisi tungefanya kinyume. Tungesema, "Aliyeanguka mwaka jana ataweza wapi mwaka huu?"

Cyprian alipelekwa uhamishoni mwaka wa 257, wakati wa Kaisari Valerian, na tarehe 14 Septemba 258 akakatwa kichwa hapo Karthago. Safari hii alitaka afe mbele ya watu wake, na umati mkubwa ulimfuata hadi mahali pa kuuawa. Siamini kwamba katika umati ule hamkuwa na waliowahi kushika cheti.

Hapa kwetu pia tuna cha kujifunza, tena si mbali, waulize tu bibi na babu zako. Katika miaka ya 1930 uamsho uliwaka Gahini, kituo cha misheni cha Kianglikana nchini Rwanda, ukaenea Uganda, na mwaka wa 1937 kikundi cha waumini kikauleta Kabete hapa Kenya. Waganda waliwaita watu hao Balokole, yaani waliookoka. Jambo lao kubwa lilikuwa lile waliloliita kutembea nuruni. Walikutana kila mara, na kila mmoja akaeleza kwa kinywa chake mwenyewe mahali aliposhindwa. Walirudisha walivyoiba. Waume waliwaomba wake zao radhi, na wamishonari Wazungu wakawaomba Waafrika radhi kwa dharau zao, jambo ambalo siku hizo za ukoloni lilikuwa kioja.

Hali ya hatari ilipotangazwa mwezi wa Oktoba 1952, wengi wa ndugu hao katika Mkoa wa Kati walikataa kiapo, na wengi wao walikataa vilevile kuchukua bunduki za serikali. Walibanwa huku na huku, na wapo waliouawa. Watu hutaja ushujaa huo kana kwamba uliwashukia siku moja kutoka mbinguni. Mimi naona ulitokana na yale mazoea. Mtu aliyezoea miaka kumi na mitano kusema ukweli juu ya makosa yake madogo mbele ya wenzake, hana tena siri ya kumtisha nayo. Hawakuwa malaika, kwa hakika; huko Uganda walikuja kugawanyika, kundi moja likilishtaki jingine kwamba limelala. Hata hivyo walijua jambo tulilolipoteza sisi, kwamba kuungama ni kwa mwenye kosa. Mwenzake akimsemea, hata kwa maombi, hayo si maungamo tena.

Nikiwa hapo niseme kwamba ndugu zetu Waislamu wanalijua tatizo hili vizuri. Waulize jinsi msikiti unavyofurika mwezi wa Ramadhani na jinsi safu zinavyopungua Idi ikishapita. Mwenzangu mmoja darasani alinieleza mafundisho yaliyopokewa kutoka kwa Mtume Muhammad, kwamba amali impendezayo Mungu zaidi ni ile inayodumishwa, hata ikiwa ndogo. Nikasema moyoni, lo, wikendi chalenji yetu ingefaa kulisikia hilo. Tunamwandaa kijana kwa siku moja kubwa, kumbe maisha yake ni siku ndogo ndogo elfu ishirini na ushei.

Kuna atakayesema kwamba nikifungua mlango hivi kila mtu atafanya apendavyo, na Chama kitakuwa soko. Neno hilo lina uzito, sitalipuuza. Lakini sisemi kosa liitwe si kosa. Aliyechukua pesa za mwenzake sandukuni azirudishe kwanza, tena kwa mkono wake. Aliyemharibia msichana jina aende akalisafishe pale pale alipolichafua. Kiongozi aliyeanguka akiambiwa apumzike jukwaani muhula mmoja, mimi sipingi. Pengine hata mwenyewe atashukuru. Ninachopinga ni kumwondolea kipaza sauti pamoja na kiti. Aketi nasi. Na kama ana mambo mazito, apate mtu mmoja wa kumweleza, mlezi wa Chama, kasisi, mwalimu, au rafiki anayejua kufunga mdomo, maana si kila jambo ni la kusemwa ukumbini. Nimesikia watu wakilazimishwa kutoa "ushuhuda" wa mambo ambayo hata mama mzazi asingependa kuyasikia. Huko si kutembea nuruni, ni kuvuliwa nguo.

Watu wa mwaka wa mwisho nawaonea huruma zaidi. Wao wataombewa siku ya maombi ya mtihani, wazazi watakuja, kalamu na rula zitainuliwa juu zibarikiwe. Hakuna atakayewaambia juu ya Jumapili ya kwanza baada ya kutoka hapa, iwe ni Nairobi kwa mjomba au Eldoret chuoni, asubuhi ambayo kengele haitalia na hakuna atakayejua kama umekwenda kanisani au umelala. Chama chetu kingefanya vyema kama kila anayetoka angetajiwa mtu mmoja tu huko aendako, mkubwa wake aliyemtangulia, wa kumpigia simu mambo yakimwendea kombo. Gharama yake ni karatasi moja na kalamu.

Labda unajiuliza kwa nini nimeyaandika haya katika jarida la Chama cha Kiswahili badala ya kuyabandika kwenye ubao wa Chama cha Kikristo. Ni kwa sababu walioondoka hawausomi ubao ule. Jarida hili wanalisoma, angalau kurasa za vichekesho na mashairi, na huenda wakapitia hapa kwa bahati. Nasi tuliobaki, Jumapili ya kwanza ya muhula ujao, kila mwenye rafiki aliyeacha kuja na aende bwenini kwake mapema, kabla ya kengele. Asimhubirie. Amwulize tu kama wanaweza kuketi pamoja, hata ikiwa ni kwenye kile kiti cha karibu na mlango.